Mume na Mke Kambini Kando ya Ziwa



Katika mafundisho ya wachumba tunayotoa parokiani, huwa tunawaalika wenye ndoa waje kutoa ushuhuda, nami napenda kuwauliza swali moja mbele ya wachumba: Je, tangu siku ya harusi yenu, ni lini ninyi wawili mlilala mahali pasipo nyumbani kwenu, na isiwe ni msibani, wala kwenye harusi ya mtu, wala hospitalini mkiuguza? Wengi hutazamana kwanza, kisha hucheka. Bwana mmoja alijibu kwamba ana miaka ishirini na miwili katika ndoa, na kama si matanga, yeye na mkewe hawajapata kulala pamoja nje ya nyumba yao. Watu walicheka sana. Mkewe hakucheka.

Basi mwezi huu nataka tujifunze habari ya matembezi ya mume na mke, na hasa kupiga kambi kando ya maji, katika hifadhi zetu za taifa na mahali palipo karibu nazo. Najua wako watakaosema, "Mwalimu, hayo ni mambo ya wazungu." Nami nilisema hivyo hivyo mpaka mwaka 2016. Hebu niwasimulie kwanza yaliyotupata sisi, kisha tutaingia katika mambo ya kufanya na ya kuepuka, maana yako mengi, na mengine ni ya kufa na kupona.

Mwaka huo ulikuwa wa kumi na nne wa ndoa yetu. Kwa nje tulikuwa sawa. Tulikwenda Misa pamoja, watoto walikuwa shuleni, asubuhi tulisalimiana. Lakini kwa karibu mwaka mzima hatukuwa tumezungumza jambo lolote lisilo la karo, unga au ng'ombe. Sababu niliijua mimi, na mke wangu hakuijua. Nilikuwa nimemdhamini ndugu yangu mkopo katika chama cha akiba na mikopo, ndugu akashindwa kulipa, wakaanza kukata akiba yangu. Mke wangu alikuwa amenionya mapema nisitie sahihi. Nikamwambia sitatia. Nikatia. Tangu hapo kila nilipoketi naye mezani niliona kama karatasi ile iko kati ya sahani zetu, nami nikainuka kwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wameshaangaliwa.

Kijana mmoja wa parokia yetu anayefanya kazi ya kuongoza watalii ndiye aliyetuazima hema. Alishangaa kusikia kwamba tunakaa mwendo wa saa mbili tu kwa matatu kutoka Naivasha na hatujawahi kwenda kuona ziwa. Watoto tukawapeleka kwa nyanya yao, maana ilikuwa likizo ya Aprili. Nilipomwambia mke wangu kwamba nampeleka Hell's Gate, alisimama na mwiko mkononi, akaniuliza, "Baba watoto, miaka kumi na minne ya ndoa, ndipo umeona unipeleke kwenye lango la jehanamu?" Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kumsikia akinitania.

Kwa wale wasiopajua, Ziwa Naivasha liko kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, ndani ya Bonde la Ufa, kwenye kimo cha karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo sababu usiku wake una baridi ya kuuma, hata kama mchana jua ni kali. Jina lake limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yenye mawimbi, na kweli ifikapo alasiri upepo huvuma na ziwa huchafuka. Mito ya Malewa na Gilgil huliletea maji, lakini hakuna mto unaoonekana ukitoka ndani yake, na juu ya hayo maji yake si ya chumvi kama ya majirani zake Elmenteita na Nakuru. Wataalamu husema hupenya chini kwa chini kupitia ardhini. Ukingoni pana mafunjo na migunga mirefu yenye magome ya rangi ya manjano, na juu ya migunga hiyo tai mla-samaki hukaa wawili wawili wakiitana asubuhi. Mke wangu alipenda sana hao ndege. Alisema wanapiga kelele kama watu wenye nyumba yao.

Mbuga ya Hell's Gate iko kusini ya ziwa, mwendo mfupi kutoka barabara ya Moi South Lake. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984, nayo ni ndogo, kama kilomita za mraba 68. Sifa yake kubwa kwa watu wa mfuko mdogo kama sisi ni kwamba unaruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli. Katika mbuga nyingi huna ruhusa ya kushuka kwenye gari ila mahali maalumu, na asiye na gari ataishia langoni. Hapa baiskeli hukodishwa karibu na lango. Unapanda, unapita katikati ya punda milia, swala, ngiri na kongoni, na kuta za mawe mekundu ziko kulia na kushoto. Mahali pa kupiga hema pamo ndani ya mbuga, juu ya magenge, na pengine pako kando ya ziwa kwenye mashamba ya watu binafsi. Sisi tulipanga usiku wa kwanza kulala kando ya ziwa na wa pili ndani ya mbuga.

Sasa tuje kwenye hema, maana hapo ndipo somo lilipoanza.

Nyumbani, mpendwa msomaji, mume ana kazi zake na mke ana zake, na kila mmoja anaweza kukaa siku nzima bila kumhitaji mwenzake. Hema haliko hivyo. Mmoja lazima ashike fito upande huu na mwingine avute kamba upande ule, tena kwa wakati mmoja, na kama hamsemezani linaanguka. Letu lilianguka mara tatu. Mara ya kwanza nilimlaumu mke wangu. Mara ya pili nililaumu hema. Mara ya tatu mke wangu aliketi juu ya gunia letu la vyombo akasema kwa utulivu, "Baba watoto, wewe unajua linavyosimama lakini hunielezi. Unataka nijue kwa kukutazama." Kijana aliyekuwa akitunza kambi alikuwa amesimama pale karibu, na niliona aibu kwa sababu nilijua hasemi habari ya hema peke yake. Nikamweleza, fito hii huingia hapa, kigingi hiki kipigwe kwa kulalia upande. Likasimama. Halikuwa limenyooka, lakini lilisimama.

Tulipika ugali na sukuma wiki kwa meko ya gesi. Tuliambiwa tusivuke waya wa umeme uliokuwa kati ya kambi na maji, na giza lilipoingia tukajua kwa nini. Viboko hutoka ziwani usiku kuja kula nyasi. Tuliwasikia wakikata majani kama mtu anayechana nguo, hatua chache kutoka tulipolala. Mnyama huyo anaweza kuwa na uzito wa kilo 1,500 na zaidi, na watu humdharau kwa kuwa ni mnene, lakini ana mbio kuliko mtu. Kisha mvua ikaanza. Tulikuwa tumekwenda Aprili, wakati wa masika, kwa ujinga wetu, bila hata kuwaza habari ya mvua.

Basi tufikirieni hapo: nje viboko, juu mvua, ndani mume na mke na tochi moja. Simu ilikuwa imeisha moto. Hakukuwa na redio, hakukuwa na ng'ombe wa kwenda kuangalia. Mke wangu akauliza, bila hasira, "Kuna jambo gani lililokupata mwaka jana?" Nilitaka kusema hakuna. Nililala kimya kitambo, nikisikiliza mvua. Kisha nikamwambia yote, habari ya ndugu yangu, sahihi, na kiasi cha fedha kilichokwisha kukatwa. Alilia. Hakunitukana. Aligeukia upande wa pili akalia kwa muda mrefu, nami sikuwa na mahali pa kukimbilia. Ninawaambia ukweli, kama tungekuwa nyumbani ningetoka. Baadaye akasema, "Fedha zimekwenda. Lakini mwaka mzima nilidhani una mwanamke mwingine."

Niliposikia hayo nilielewa jinsi nilivyomtesa. Mimi nilidhani ninaficha deni, kumbe nilikuwa nimemwachia nafasi tupu, naye akaijaza kwa hofu aliyokuwa nayo. Wanaume wenzangu, hapa naomba tusimame kidogo. Tunasema, "Sitaki kumsumbua mama watoto na mambo haya." Lakini mwanamke anayeishi na wewe anaona umebadilika, na usipomwambia sababu, atajitafutia sababu, na mara nyingi ile atakayoipata ni mbaya kuliko ile unayoificha.

Sisemi kwamba asubuhi tulikuwa malaika. Tulikunywa chai bila maneno mengi. Deni lenyewe tulilimaliza miaka mitatu baadaye, na mke wangu ndiye aliyeshika daftari. Lakini tulikodi baiskeli mbili tukaingia mbugani.

Karibu na lango kuna jiwe refu lililosimama peke yake, kimo chake kama mita 25, linaloitwa Fischer's Tower kwa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huko mwaka 1883. Lakini watu wa pale wana hadithi yao. Wanasema huyo ni binti wa Kimaasai aliyekuwa akipelekwa kuolewa. Alikatazwa asigeuke kutazama nyuma nyumbani kwao, naye akageuka, akawa jiwe. Mke wangu alilitazama jiwe kwa muda, akasema wanawake wote aliowahi kuwajua waligeuka, na kwamba yeye mwenyewe aligeuka mara nyingi katika ule mwaka. Nilitaka kumuuliza zaidi, lakini pimbi wakaanza kukimbizana juu ya mawe, tukacheka, tukaendelea. Lilikuwa jambo la kuulizwa siku nyingine, na nililiuliza.

Mwisho wa njia ya baiskeli kuna korongo la Ol Njorowa. Ni ufa mwembamba sana ndani ya ardhi, kuta zake ndefu zimechongwa na maji, na mahali pengine maji ya moto hububujika mwambani. Nilikuwa nimeona picha zake nikatamani sana kuteremka. Pale tulipokuwa mbingu ilikuwa safi, ila mbali juu ya vilima palikuwa na wingu jeusi. Mke wangu akasema, "Tusishuke." Nikamwambia mvua iko mbali. Askari wa wanyamapori aliyekuwa pale akatusikia, akatueleza kwamba mvua ya mbali ndiyo mbaya, kwa sababu maji hukusanyika kule juu na kuja kwa ghafula ndani ya korongo ambalo halina mahali pa kupandia. Akatukumbusha yaliyotokea Aprili 2012, vijana wa kikundi cha kanisa waliokuja matembezi walipokumbwa na mafuriko humo, na saba kati yao wakafa.

Nilisimama nikiwa na baiskeli mkononi. Ilikuwa mara ya pili katika ndoa yangu mke wangu kuniambia nisifanye jambo na mimi nikiwa na hamu ya kulifanya. Hatukushuka. Siku ile sikusikia kwamba maji yalikuja, kwa hiyo siwezi kudai kwamba aliniokoa. Lakini Septemba 2019, watu wengine saba walisombwa na kufa katika korongo lile lile, na siku habari zile ziliposomwa kwenye redio tulikuwa jikoni wote wawili, na hakuna aliyesema neno.

Mpendwa msomaji anayetaka kwenda huko, ukifika uliza langoni kama korongo liko wazi siku hiyo, usishuke bila mwongoza njia, na kukiwa na dalili ya mvua popote, hata upeo wa macho, kaa juu. Fedha ulizolipa za kiingilio zisikusukume kuteremka.

Pengine mtu atauliza kama Kanisa lina habari na mambo haya ya mahema. Nitamjibu kwa habari ya Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, ambaye wazee wetu walimwona alipokuja Kenya mwaka 1980, 1985 na 1995. Alipokuwa padre kijana nchini Polandi, serikali ya kikomunisti haikuwaruhusu mapadre kuongoza vikundi vya vijana. Basi alikwenda na wanafunzi wake milimani na maziwani akiwa amevaa nguo za kawaida, nao wakamwita "mjomba" ili wasitambulikane. Walisafiri kwa vimtumbwi vya kupiga kasia vya watu wawili wawili, wakalala kwenye mahema kando ya maji, na kimtumbwi kilichopinduliwa kikawa altare ya Misa. Kila siku mtu mwingine aliketi naye katika chombo chake ili apate kuzungumza naye kwa faragha. Vijana wale wakawa wachumba, wakaoana, akawafungisha ndoa, wakaendelea kwenda kambini na watoto wao. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyomsaidia kuandika kitabu chake juu ya upendo na uwajibikaji, kilichotoka mwaka 1960. Na mwaka 1958 alipoitwa Warsaw kuambiwa kwamba amechaguliwa kuwa askofu, akiwa na umri wa miaka 38, aliitwa akiwa safarini mtoni na wenzake. Alipokwisha kukubali, alirudi kwenye mitumbwi. Jambo hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Sasa tuje kwenye matayarisho, nami nitasema yale tu niliyoyaona kuwa muhimu.

Kwanza fedha, kwa kuwa matembezi mengi huharibikia hapo kabla ya kuanza. Kaeni pamoja mhesabu nauli, kiingilio, mahali pa kulala na chakula. Kiingilio cha mbuga za Shirika la Wanyamapori, KWS, hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, si kwa fedha taslimu mkononi, na raia huhitaji kitambulisho chake ili alipe kiwango cha mwananchi. Viwango hubadilika, kwa hiyo vitazameni kabla ya kufunga safari, msitegemee alichowaambia jirani. Hema si lazima mnunue, azimeni au mkodishe. Chakula bebeni cha nyumbani: unga, mboga, mayai, chai, chapati za siku ya kwanza. Na kama fedha za shule hazijakamilika, ahirisheni safari, bila kununa. Nimeona mume aliyemchukua mkewe matembezini kwa fedha za karo, na njia nzima mama wa watu alikuwa akihesabu.

Mkienda, chagueni miezi ya ukame. Januari na Februari ni mizuri. Julai na Agosti mvua si nyingi lakini baridi ni kali, bebeni blanketi mbili na kitu cha kutandika chini, maana baridi ya ardhini hupita ile ya hewani. Hema lisipigwe kwenye kibonde maji yanapopita, wala chini ya tawi kavu la mgunga. Lipigwe kungali mchana. Tochi ziwe mbili, kila mtu yake, ili mmoja akitoka usiku mwingine asibaki gizani.

Jiko la makaa lisiingie ndani ya hema hata kama mnatetemeka. Nasema tena, lisiingie. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala haionekani, nayo imeua familia nyingi katika nyumba za kawaida, sembuse ndani ya kitambaa kilichofungwa. Meko ya gesi nayo ni ya nje. Ota moto nje, kisha uingie ulale.

Kuhusu viboko, jambo la kushika ni kutokusimama kati yake na maji. Akishtuka hukimbilia ziwani, na aliye njiani hukanyagwa au kung'atwa. Jioni na alfajiri msitembee ukingoni, wala msiteremke kuchota maji au kupiga picha. Mwaka 2018 mtalii aliuawa na kiboko hapo Naivasha akipiga picha ukingoni. Mkitaka kupanda mashua nendeni asubuhi kabla ya upepo, na kila mmoja avae jaketi la kuokolea na kulifunga, hata yule anayejua kuogelea. Mwenye mashua asiye na majaketi ya kutosha, mwacheni na mashua yake. Ndani ya mbuga ogopeni nyati aliye peke yake. Nyani na tumbili watawaibia chakula mkiacha hema wazi, na watoto wasiwalishe kwa mkono. Chupa za plastiki za kutupwa zimekatazwa katika hifadhi tangu Juni 2020, kwa hiyo bebeni maji katika chupa za kudumu.

Wako wanaoniuliza kwa aibu, baada ya mafundisho, habari ya faragha ya mume na mke kambini. Ninawajibu kwamba hema ni nyumba yenu kwa usiku ule, na hakuna ubaya wowote. Ila mkumbuke kuta zake ni za kitambaa, na jirani yuko pale. Pigeni hema lenu mbali kidogo na wengine. Watoto wakiwapo wawe na hema lao karibu na lenu, lakini safari ya kwanza nawashauri muende wawili tu kama yupo nyanya au shangazi wa kuwatunza. Akina mama wengi husema hawawezi kuwaacha watoto. Siku mbili wataweza. Mke wangu usiku wa kwanza alihesabu ni saa ngapi wanakula, wa pili hakuhesabu.

Na simu? Mmoja abebe yake kwa ajili ya dharura, izimwe, ifunguliwe mara moja jioni kuulizia watoto. Wawili mnaoketi kando ya ziwa, kila mmoja na simu yake, mngebaki nyumbani mkaokoa nauli.

Neno moja la tahadhari zaidi, maana mimi si mganga wa ndoa. Mahali penye kupigwa, ulevi au vitisho, usiende porini peke yako na mtu unayemwogopa. Huko hakuna jirani wa kuitikia. Tafuta kwanza padre, wazee wa jumuiya, au polisi ikibidi. Kambi ni ya watu walionyamaziana, si ya watu wanaoumizana.

Tulirudi pale mwaka 2021 pamoja na watoto. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda sana, hasa mwaka wa 2020, hata nyumba na mashamba ya ukingoni yakafunikwa. Mahali tulipopiga hema letu la kwanza palikuwa ndani ya ziwa, na migunga imesimama majini ikiwa mikavu. Mtoto wetu wa pili aliuliza ni wapi hasa tulipolala. Mke wangu akamwonyesha kwa kidole, "Pale, penye yule ndege mweupe." Kisha tukatafuta mahali pa juu zaidi, na watoto wakashika fito. Mimi niliwaeleza kwa maneno.

Kabla ya toleo lijalo, nawaomba mume na mke mkae jioni moja, redio ikiwa imezimwa, mjibizane maswali haya, kila mmoja kwa zamu bila kukatizwa. Ni lini mara ya mwisho tulilala wawili mahali pageni, na tulizungumza nini? Ni kazi gani nyumbani kwetu tunayoifanya kwa mikono minne? Ni onyo gani ulilonipa ambalo sikulisikia, na lilitugharimu nini? Na mwisho, je, kuna jambo ambalo ungeniuliza kama tungekuwa hemani, mvua inanyesha, na mimi sina pa kwenda?